Maharage Yasiyotokota

Kila Jumamosi asubuhi Fadhila alishuka na kupanda ngazi za mawe za mtaa wao wa Butimba akiwa na ndoo kichwani. Nyumba za huko juu zimejibanza katikati ya majabali, na maji ya bomba hufika siku yanapotaka yenyewe. Siku hiyo hayakutaka. Fadhila alijaza pipa, akafua sare zake za darasa la sita, akafagia uwanja, na jua lilipoanza kuchoma mabati alikuwa tayari amechoka kama mtu aliyelima.

Mama yake, Mboni, alichoka zaidi. Alikuwa akiosha vyombo katika jiko la hoteli moja mjini. Aliondoka alfajiri na kurudi miguu imevimba, akaitumbukiza kwenye beseni la maji ya chumvi kabla hata ya kuvua mtandio. Babu Khalidi, baba yake Mboni, alishona nguo kwa cherehani maisha yake yote, na sasa mgongo wake ulikuwa umekunjika vilevile alivyokuwa akiinamia kitambaa. Uchovu wake ulikuwa ule wa uzee, usioondoka hata mtu akilala. Kwa hiyo ilikuwa nyumba ya watu waliochoka, na maneno yaliyosikika sana humo ndani yalikuwa "subiri kidogo."

Ila kwa vitendawili Babu hakuchoka.

"Kitendawili," alisema akiwa amekaa kwenye kigoda mlangoni.

"Tega."

"Wajukuu wangu wembamba, wakavu. Wakilala majini usiku mmoja, wanaamka na vitambi."

"Maharage hayo, Babu. Yako hapo kwenye bakuli, unayatazama."

"Nayatazama, ndiyo. Nilitaka kujua kama na wewe umeyaona. Mama yako kasema yafike kwa Mama Nkwabi mapema."

Mama Nkwabi alikuwa jirani yao wa chini, jina lake Bernadeta. Kila asubuhi isipokuwa siku za sikukuu alibandika sufuria kubwa mno juu ya mafiga matatu na kuchemsha maharage ya kuuza. Basi akina mama wa mtaani, kwa kuwa mkaa umepanda na maharage hula mkaa kama mgeni asiyeona haya, walizoea kumpelekea maharage yao yaliyolowekwa usiku, kila mtu kwenye kifuko chake cha kitambaa kilichofungwa uzi. Uzi wa Selina ulikuwa mwekundu, wa akina Precious, aliyesoma na Fadhila, wa kijani, wa akina Fadhila wa buluu. Bernadeta aliviweka vifuko vyote kwenye sufuria yake, vikatokota pamoja mpaka vikaiva, na kila mmoja akaja kuchukua chake. Malipo yalikuwa kuni kidogo, au kumsaidia kuteka maji. Sharti lake lilikuwa moja tu: kifuko kifike kabla maji hayajaanza kutokota. Akishafunika, hafunui.

Siku hiyo maharage yalikuwa ya saladi. Mboni aliiona hotelini, mpishi akiwatengenezea wageni. Alisema ni chakula cha watu wa kando ya Bahari ya Mediterania, huko kunakolimwa zeituni. Hakina kuunga, hakina kukaanga. Ukiwa na maharage yaliyoiva, unakatakata nyanya, tango na kitunguu, unakamulia ndimu, unatia mafuta na majani, unachanganya, watu wanakula. "Nikirudi nimechoka nitakuta chakula tayari," alisema Mboni usiku uliotangulia akifunga uzi wa buluu. "Hicho ndicho kinachonifurahisha. Wewe kazi yako ni kuyafikisha maharage kwa Mama Nkwabi, mengine ni kukata tu."

Fadhila aliitikia vizuri. Ila baada ya kufagia uwanja alijinyoosha kwenye mkeka, akajiambia atapumzisha mgongo kidogo tu.

Alipoamka, kivuli cha nyumba kilikuwa kimehama upande. Alichukua kifuko akakimbia nacho mpaka chini. Sufuria ya Bernadeta ilikuwa imeshaepuliwa, na mwenyewe alikuwa akimwaga majivu.

"Shikamoo, Mama Nkwabi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona una alama za mkeka shavuni?"

"Nimeleta maharage yetu."

"Umeyaleta yaiage sufuria? Nimeshaepua, na kuni zimekwisha." Bernadeta alijifuta jasho kwa ncha ya kitenge. "Nenda kayabandike nyumbani. Yamelowekwa, hayatakusumbua sana."

Fadhila alipanda ngazi polepole. Kuwasha jiko la mkaa, kupuliza, kukaa nalo mpaka maharage yaive: akifikiria tu, aliutamani mkeka tena. Na Mama angerudi baada ya adhuhuri.

Ndipo macho yake yalipoliona kapu pembeni mwa kabati. Lilikuwa kapu la ukindu lililotandikwa sponji na blanketi kuukuu ndani, na mto wake wa kufunikia. Mama alifundishwa kulitengeneza na kikundi cha akina mama. Hilo nalo Babu alilitegea kitendawili: halina moto, lakini linapika. Unachemsha chakula kwenye moto mkali kwanza, kitokote sawasawa, halafu unakitia humo na sufuria yake, kinamalizika kuiva chenyewe kwa joto lililofungiwa.

Fadhila aliukumbuka mwisho wa maelezo hayo. Ule mwanzo aliuruka. Jiko la gesi lilikuwa na gesi ya kuchemshia chai tu, basi akapasha maji mpaka yakatoa mvuke, akayamwagia maharage, akafunika, akatia kwenye kapu, akalaza mto juu. Kisha akarudi kwenye mkeka.

Baadaye alitafuna harage moja. Lilikuwa limelainika nje, ndani likakataa kidogo. Akajiambia kwamba Mama mwenyewe alisema maharage ya saladi hayatakiwi kupondeka. Akayachuja. Alikata nyanya, akamenya tango, akakata kitunguu na machozi yakamtoka, akakamua ndimu mbili, akatia chumvi, mafuta ya alizeti na majani ya giligilani. Alipochanganya, bakuli likapendeza kwa macho: nyekundu, kijani, nyeupe, na harufu ya ndimu imejaa chumba.

Mboni alirudi, akavua viatu, akakaa chini palepale mlangoni.

"Umeweza," alisema. Hakuwa na nguvu ya maneno mengi, lakini alitabasamu. "Mama Nkwabi ameyaivisha vizuri?"

Hapo ndipo penyewe. Fadhila angeweza kusema. Aliutazama ule uso uliochoka uliokuwa ukitabasamu, akaona aibu kuuharibia furaha.

"Ndiyo, Mama."

Walikula. Babu, ambaye siku hizi alikula kama ndege, alikula mpaka akaongeza. "Watu wa zeituni wanajua kula," alisema. "Ila maharage yao yana kiburi. Yanataka kutafunwa kwa heshima."

Fadhila alikula kidogo, akasema ameshiba.

Kabla ya alasiri Mboni alishika tumbo. Akatoka nje mbio, akatapika. Fadhila naye akafuata. Babu ndiye aliyechelewa, lakini yake yalikuwa makubwa. Alitapika mpaka hakubaki na kitu cha kutapika, akalala ubavu pale sakafuni, midomo imemkauka, akiita jina la marehemu mkewe. Majirani wawili walimteremsha ngazi wamembeba kwenye kiti, wakampeleka zahanati.

Muuguzi wa zahanati, Josephat, alimtundikia Babu dripu, kisha akawageukia.

"Mmekula nini leo?"

"Saladi ya maharage," Mboni alisema, ameegemea ukuta.

"Maharage mekundu?"

"Ndiyo."

"Yalitokota?" Josephat alivuta stuli, akakaa. "Maana maharage mekundu yana sumu yake ya asili. Yakitokota kwa nguvu mpaka kuiva, inakwisha. Yakipashwa tu joto bila kutokota, ndiyo haya mnayoyaona. Kijana huumwa leo akaamka mzima kesho. Mzee kama huyu, akikauka maji mwilini, tunaweza kumpoteza. Yalipikiwa wapi?"

Fadhila alitazama matone ya dripu. Moja, halafu lingine.

"Kwa Mama Nkwabi," alisema.

Mboni alifumba macho. "Yule mama," alisema taratibu. "Yule mama tunamwamini mtaa mzima."

Babu angekuwa na nguvu angetega kitendawili: mzigo hauna uzito wala hauonekani, lakini ukilala nao unaamka umekulemea. Fadhila alilijua jibu lake usiku ule, bila kutegewa na mtu.

Jumapili Babu alirudishwa nyumbani, hoi, sauti yake nyembamba kama uzi. Mboni alimlaza, akashuka chini kwa Bernadeta bila hata kunywa chai. Fadhila alimfuata nyuma kwa sababu aliambiwa amfuate.

Akina mama walikuwa pale na vifuko vyao. Selina, aliyekuwa mwepesi wa ulimi, ndiye aliyeuliza kwanza. "Mzee anaendeleaje?"

"Mzee nusura afe," Mboni alisema. "Mwulizeni Mama Nkwabi. Maharage yangu ameyatoa mabichi, tumekula sumu."

Bernadeta aliweka mwiko chini. "Maharage yako? Kifuko chako mimi sikukipika jana, Mama Fadhila."

"Mtoto alileta."

"Alileta, ndiyo, nikiwa nimeshaepua. Nikamwambia akayabandike nyumbani. Mwulize, si huyo hapo?"

Wote walimtazama Fadhila. Bernadeta hakumtazama kwa ukali. Alimtazama kama mtu anayemngojea mwenzake amalize kumeza ili aseme.

Fadhila alitazama vidole vya miguu yake.

"Unaona unavyomtisha mtoto," Mboni alisema. "Kosa ni lako, unamsukumia mtoto wangu. Mtu mzima mzima."

"Mbona sisi tulikula tukalala salama?" mmoja aliuliza nyuma.

"Labda cha kwetu kilikaa juu, hakikupata moto. Nyie subirini zamu yenu," Mboni alijibu.

Selina alitazama sufuria, akatazama kifuko chake chenye uzi mwekundu, akakirudisha kwenye beseni lake. "Mimi nina watoto wadogo," alisema. "Utanisamehe, Mama Nkwabi." Wengine nao wakaondoka mmoja mmoja. Bernadeta alibaki amesimama mbele ya moto wake.

Siku zilizofuata sufuria kubwa haikubandikwa tena. Bernadeta alipika kwenye sufuria ndogo, na hata hiyo ilishinda imejaa, bila mnunuzi. Shuleni, wakati wa mapumziko, Precious alimlalamikia Fadhila.

"Kwetu sasa ni dagaa na ugali, ugali na dagaa. Juzi Mama kachemsha maharage kwa mkaa, baba kaona gunia limeshuka, kanuna mpaka usiku. Yote sababu ya yule bibi na maharage yake mabichi."

"Si bibi," Fadhila alisema.

"Si bibi nini?"

"Hajawa bibi. Hana wajukuu."

Precious alicheka. "Wewe nawe. Tangu uumwe umekuwa mtu wa ajabu. Hata mpira wa rede huchezi."

Ni kweli hakucheza. Alikuwa amechoka kwa namna ambayo kulala hakukumsaidia. Akipita chini pale alipitia nyuma ya jabali, njia ndefu yenye miiba, ili asionekane.

Alhamisi alipotoka shule alimkuta Mama nyumbani, zamu yake ilikuwa imekwisha mapema. Mezani palikuwa na chupa ya chai ambayo si yao, ya bati, imebonyea ubavuni.

"Uji wa ulezi huo," Mboni alisema. Alikuwa na miguu kwenye beseni. "Mama Nkwabi kamletea babu yako. Kaacha mlangoni, hata hodi hakupiga. Mrudishie."

"Babu hajanywa?"

"Sitaki kitu kilichotoka kwenye sufuria yake kiingie humu ndani. Nenda."

Fadhila aliichukua ile chupa. Ilikuwa bado ya moto. Alishuka ngazi moja, mbili, akafika pale ngazi zinapojipinda, na kutoka hapo akauona uwanja wa Bernadeta. Mwenyewe alikuwa amekaa kwenye kigoda, miguu ameinyoosha, mikono haina kazi. Pembeni yake sufuria kubwa ilikuwa imelazwa kifudifudi na kuku amesimama juu yake.

Mwanamke yule alijua ukweli wote. Alikuwa ametukanwa mbele za watu, amekimbiwa na wateja, na bado alikoroga uji wa mzee, akapanda nao ngazi zote zile, akauacha mlangoni kimyakimya ili asigombane na mtu.

Fadhila aligeuka, akapanda.

"Umesahau nini?" Mama aliuliza.

"Babu aunywe huu uji, Mama." Aliiweka chupa mezani. "Mama Nkwabi hakupika maharage yetu. Mimi nilichelewa, nililala. Nikayatia maji ya moto nikaweka kwenye kapu. Hayakutokota hata kidogo. Ni mimi niliyemtapisha Babu."

Babu, kitandani, aliinua kichwa.

Mboni alitoa mguu mmoja kwenye beseni, kisha wa pili. Hakuinua mkono, wala hakupaza sauti, na Fadhila aliona afadhali angepigwa.

"Nimemwita mwongo," Mboni alisema. "Mtu mzima mwenzangu, mbele ya mtaa. Alinambia ukweli, nikamwita mwongo. Na wewe umesimama hapohapo."

"Niliogopa."

"Ulimwogopa nani, mimi?"

"Ulikuwa umechoka, Mama. Ulikuwa umefurahi."

Mboni alimtazama, maji yakimchuruzika miguuni. Kisha akavaa ndala. "Mpe babu yako uji wake. Halafu twende."

"Nitakwenda mwenyewe."

"Utasema ya kwako. Na mimi nina yangu ya kusema. Yale maneno hukuyatamka wewe, niliyatamka mimi, tena sikutaka hata kumsikiliza mwenzangu."

Bernadeta aliwaona wakija, akasogeza kigoda kama mtu anayejiandaa kwa ugomvi mwingine na hana hamu nao. Mboni ndiye aliyeanza. Alipiga goti pale kwenye vumbi, jambo ambalo miguu yake ilimkataza, akasema, "Dada Bernadeta, nimekukosea. Nimekuja kuomba radhi." Fadhila naye akasema yake yote, tangu mkeka hadi kapu hadi zahanati, bila kuruka kitu.

Bernadeta hakusema haraka "yamekwisha," kama watu wanavyosema ili mambo yaishe. Aliokota kijiti, akakivunjavunja.

"Iliniuma," alisema mwishowe. "Siwezi kuwadanganya. Nilisema moyoni, huyu mtoto nimemwona akitambaa, leo anashindwa kunitazama. Yule mzee kanywa uji?"

"Amekunywa," Fadhila alisema. "Kasema una ndimu, kauliza kama umebaki."

Bernadeta alitikisa kichwa, karibu acheke. "Inuka, Mama Fadhila, hayo magoti utayatafuta kesho. Lakini mimi nikisamehe peke yangu, sufuria haitajaa. Hao wengine nani atawaambia?"

Wakaenda kuwaambia. Walipita nyumba kwa nyumba, mama na mwana, wakapanda na kushuka zile ngazi, na kila mlango Fadhila alitamka mwenyewe. Haikuwa rahisi kuzoea. Mlango wa mwisho uliuma sawa na wa kwanza. Selina alisikiliza ameshika kiuno. "Kumbe," alisema. "Na mimi ndiye niliyeondoka wa kwanza. Ningekuwa na ulimi mfupi na miguu mizito ningekuwa mtu mwema." Mama yake Precious alimfokea Fadhila kisawasawa, na Mboni hakumtetea. Precious, nyuma ya pazia, alisikia yote. Kesho yake alimpa Fadhila nusu ya andazi lake, hakuuliza kitu.

Jumamosi vifuko vilirudi, uzi mwekundu, uzi wa kijani na vingine vyote. Cha uzi wa buluu kilifika kabla moto haujawashwa, na aliyekileta alikaa hapohapo akisukuma kuni. Bernadeta alimfanya asubiri mpaka maji yarushe kifuniko. "Tazama hapo," alimwambia. "Huko ndiko kutokota. Yanapiga kelele, yanatoa povu. Yakinyamaza bado hujapika. Yakishatokota hivi sawasawa, ndipo ukitaka kuyatia kwenye kapu lako uyatie."

Mchana ule walikula saladi wote pamoja uwanjani kwa Bernadeta, maana Babu sasa aliweza kushuka kwa kushikwa mkono. Mboni alikata vitunguu, Bernadeta alitoa ndimu za mti wake, Fadhila alichanganya. Harage likiwekwa mdomoni lilipasuka lenyewe, laini, na ndimu ikafuata. Babu alitafuna, akasogeza sahani iongezwe. Hakutega kitu.

Walipomaliza, Bernadeta alimwita Fadhila akae karibu.

"Nataka nikwambie jambo, na mama yako asikie. Kuchoka siyo kosa. Mimi nachoka. Mama yako anachoka, babu yako ndiyo usiseme. Siku ile ungekuja ukaniambia, Mama Nkwabi, nimelala, nimechelewa, na kuwasha jiko siwezi, nisingekuua. Ningekupa bakuli la yangu yaliyoiva, yalikuwepo. Mtu akichoka aseme. Akificha uchovu wake, anapika kibichi na anasema kimeiva, kisha anayeumia ni mwingine. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Mama Nkwabi."

"Na sisi wakubwa," Mboni alisema polepole, akikusanya sahani, "tukiambiwa, tusikilize."

Bernadeta alimtazama Fadhila usoni. Msichana alikuwa ameteka maji tangu alfajiri, amefua, amekaa na moto, na kope zilikuwa zikimwangukia.

"Haya, niambie sasa. Umechoka?"

Fadhila alitazama lundo la vyombo, akamtazama mama yake.

"Nimechoka," alisema.

"Basi mkeka uko ndani," Bernadeta alisema. "Kalale. Vyombo vitatungoja."